Soko lisilo na mtangaza bei: Programu ndogo zinazopeleka kumbukumbu za mchezo wa Elite Dangerous

WAFANYABIASHARA wa kahawa wanajua pa kuipata bei. Mnada ukifungwa takwimu hutolewa, na mwenye magunia yake Mbinga au Kagera anaweza kukaa na kalamu akapiga hesabu kama auze sasa au asubiri. Mwenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, naye husoma bei ya kufungia siku ile ile. Hakuna anayeona ajabu katika hilo, kwani yupo aliyeajiriwa kuzitangaza bei hizo.

Lipo soko jingine ambalo mtu huyo hayupo. Lina bidhaa zaidi ya mia moja, kuanzia dhahabu, fedha na shaba hadi nafaka, dawa na hata kahawa. Vituo vyake vya kununulia na kuuzia ni makumi ya maelfu, na wanaofanya biashara humo wametawanyika duniani kote. Kampuni yenye soko hilo haitoi jedwali la bei la soko zima. Hata hivyo, mfanyabiashara wa humo akitaka kujua dhahabu inanunuliwa kiasi gani katika kituo ambacho hajawahi kukifikia, anapata jibu katika sekunde chache, tena bila malipo. Jibu hilo limefika kwake kwa sababu mchezaji mwingine alipita kituo hicho, na kompyuta yake ilikuwa na programu ndogo iliyochukua faili la bei na kulipeleka panapohusika bila mwenyewe kugusa kitu.

Soko hilo ni la mchezo wa kompyuta uitwao Elite Dangerous, na makala haya yanahusu programu hizo: zinavyotengenezwa, zinachopeleka, zisichopaswa kupeleka, na kwa nini mfanyabiashara wa mtaji mdogo apoteze muda wake kuzisoma.

SOKO LA KUBUNI, HESABU ZA KWELI

Mchezo wa kwanza wa ukoo huu, Elite, ulitoka mwaka 1984 nchini Uingereza kwa kompyuta ya BBC Micro. Waliouandika ni vijana wawili, David Braben na Ian Bell. Mchezaji alipewa chombo cha anga na krediti 100, akaachwa katika nyota ya Lave atafute riziki. Wengi waligundua upesi kwamba kubeba chakula kutoka sayari ya wakulima kwenda sayari ya viwanda, na kurudi na mashine, kulilipa.

Elite Dangerous ulitoka Desemba 2014, ukitengenezwa na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge. Sehemu ya fedha za kuanzia ilitoka mifukoni mwa wachezaji wenyewe, ambao hadi Januari 2013 walikuwa wamechanga zaidi ya pauni milioni 1.5. Julai mwaka huo huo kampuni iliingiza hisa zake katika AIM, soko la makampuni madogo la London. Kwa hiyo msomaji anayefuatilia hisa asiuchukulie mchezo huu kama jambo la watoto peke yao.

Biashara ya ndani ya mchezo ni ya uchukuzi. Chombo kama Type-9 Heavy kinaweza kubeba tani zipatazo 790 mwenye nacho akiamua kuacha kinga na kujaza matangi ya shehena. Tuseme mtu amepakia tani 700 za bidhaa ambayo tofauti ya bei kati ya kituo A na kituo B ni krediti 10,000 kwa tani. Safari moja ni krediti milioni 7. Tangu Juni 2020 wachezaji wanaweza kununua meli kubwa ya kubebea vyombo vingine, yenye soko lake ambalo mwenye meli ndiye anayepanga bei. Bei ya meli hiyo ni krediti bilioni 5. Kwa faida tuliyoitaja hapo juu, hizo ni safari 714 na kidogo.

Sasa tuseme bei uliyoisoma ni ya juzi. Umefika kituo B ukakuta wengine wamekutangulia na mahitaji yamekwisha. Katika mchezo huu ukiuza mzigo mkubwa kuliko soko linavyohitaji, bei inaporomoka mbele ya macho yako. Unauza kwa hasara au unaanza kutafuta kituo C ukiwa na shehena tumboni. Mfanyabiashara wa nyanya yeyote analijua jambo hilo. Tofauti ni kwamba dhahabu ya kwenye kompyuta haiozi, lakini saa mbili za mtu zimekwenda na hazirudi.

WALIOTANGULIA NI WA EVE

Wazo la wachezaji kukusanya bei wenyewe halikuanzia kwa Elite. Lilikomaa katika EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland uliofunguliwa Mei 2003. Humo karibu kila kitu hutengenezwa na kuuzwa na wachezaji, na kituo kikuu cha biashara kiitwacho Jita huwa na msongamano kama wa Kariakoo siku za mwisho wa mwaka. Mwaka 2007 CCP iliajiri mchumi mwenye shahada ya udaktari, Eyjólfur Guðmundsson, kazi yake ikiwa ni kulichunguza soko la mchezo na kuliandikia ripoti. Mwaka 2014 aliondoka kwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Akureyri.

Fedha ya EVE ina njia ya kukutana na fedha halisi. Tangu mwaka 2008 mchezaji anaweza kununua hati iitwayo PLEX kwa dola na kuiuza ndani ya mchezo. Ndiyo maana ubadhirifu wa humo huwa unapimika. Mwaka 2009 kiongozi wa EBANK, benki iliyoendeshwa na wachezaji, alichota ISK zipatazo bilioni 200 za wenye akiba na kuzibadilisha kwa wachuuzi wa pembeni kwa dola 6,300 hivi za Australia. Aliyetaka kuitoa akiba yake alikuta milango imefungwa. Na mwaka 2018 kampuni ya Pearl Abyss ya Korea Kusini ilikubali kuinunua CCP kwa bei inayoweza kufikia dola milioni 425, sehemu yake ikitegemea matokeo ya baadaye.

Katika EVE lipo tufe la kubonyeza linalotoa bei za bidhaa moja katika eneo moja na kuziandika kwenye faili. Faili hilo linakaa kwenye folda iitwayo Marketlogs, kila mstari ukiwa agizo moja: bei, kiasi kilichobaki, namba ya kituo, tarehe, na kama ni la kununua au la kuuza. Wachezaji waliandika programu zilizochungulia folda hiyo au hifadhi nyingine za mchezo, kisha zikapeleka yaliyomo kwenye tovuti kama EVE-Central. Mwaka 2012 ulianzishwa mtambo uitwao EMDR, ambao haukuhifadhi chochote. Ulipokea bei kutoka kwa yeyote, ukakagua kama zimeandikwa kwa utaratibu uliokubaliwa, kisha ukazirusha kwa kila aliyekuwa anasikiliza, mfano wa redio.

Elite Dangerous ulipotoka, wachezaji walichukua msingi huo huo wakajenga wa kwao, wakauita EDDN. Ndio unaobeba bei za Elite hadi sasa.

MCHEZO UNAANDIKA, PROGRAMU INASOMA

Tangu Oktoba 2016 Elite Dangerous huandika shajara ya kila kitu anachofanya mchezaji. Ni faili la maandishi ya kawaida, kila mstari ukiwa tukio moja lililoandikwa kwa utaratibu wa JSON, na saa ya tukio ikiwa ni saa ya dunia, si ya mahali mchezaji alipo. Mstari wa kwanza hutaja toleo la mchezo na lugha. Inayofuata hutaja jina la mchezaji, chombo chake, krediti alizonazo. Akitua kituoni, mstari. Akiruka nyota, mstari. Faili likifikisha mistari laki tano mchezo hulifunga na kufungua jingine, jambo ambalo programu isiyolijua itaendelea kulisubiri faili la zamani mpaka asubuhi.

Bei hazimo kwenye shajara yenyewe. Mchezaji anapofungua ukurasa wa soko akiwa kituoni, shajara hupata mstari mfupi unaosema soko limefunguliwa, na jedwali zima la bei huandikwa kwenye faili la pembeni liitwalo Market.json. Faili hili ni moja tu. Ukifungua soko la kituo kingine, bei za kituo cha kwanza zinafutwa na mpya zinaandikwa juu yake. Asiyesoma kwa wakati amekosa.

Ipo na njia ya pili, nayo ni mlango rasmi ambao Frontier imemfungulia mchezaji aone taarifa zake mwenyewe, pamoja na soko la kituo alichotua. Mlango huu unahitaji mchezaji atoe idhini, na mara nyingine hujibu kwa kuchelewa, ukampa bei za kituo alichokwisha ondoka. Programu inayoutumia hulazimika kulinganisha jina la kituo kilichotajwa na kile ambacho shajara inasema.

Programu iliyoenea zaidi katika kazi hii ni EDMarketConnector, ambayo wengi huifupisha EDMC. Ilianza mwaka 2015, imeandikwa kwa lugha ya Python, na maandishi yake yote yako wazi kwa anayetaka kujifunza. Inakuja na vichwa viwili. Kimoja kina dirisha na vitufe kwa mtu wa kawaida. Cha pili, EDMC.exe, hakina dirisha lolote: unaandika jina lake kwenye mstari wa amri pamoja na herufi za kuielekeza, nayo inafanya kazi moja na kumaliza. Ukiweka herufi m na jina la faili, inakuandikia bei za soko kwenye faili hilo. Ukiweka herufi n, inazipeleka EDDN.

Msomaji atauliza faida ya programu isiyo na sura. Faida ni kwamba inaweza kuamrishwa na programu nyingine. Unaiweka kwenye ratiba ya kompyuta ijiendeshe yenyewe, unaifunga pamoja na hesabu zako, au unaiacha kwenye mashine isiyo na hata kioo. Ikimaliza hutoa namba: sifuri maana yake kazi imefanyika, namba nyingine maana yake ipo kasoro, na amri inayofuata inaweza kusimama. Ni kama karani wa ghala asiye na maneno mengi, anayekuachia hati ya kupokelea mezani na kuondoka.

PALIPO NA KAZI

Kijana anayetaka kuandika programu kama hiyo atadhani kazi ni kupeleka. Kupeleka ni mistari michache. Jasho liko kabla na baada yake.

Kwanza ni kujua faili limekwisha kuandikwa. Mchezo unaandika huku programu inasoma, na anayesoma haraka mno atapata nusu ya jedwali. JSON ya nusu haisomeki, kwa hiyo programu inayoanguka kila ikikuta kasoro itaanguka mara kwa mara. Dawa yake si ngumu: chungulia folda kila sekunde, soma, na kama maandishi hayajakamilika, pumzika kidogo usome tena. Kisha linganisha saa iliyo ndani ya Market.json na saa ya mstari wa shajara uliotangaza kwamba soko limefunguliwa. Zikitofautiana, unachokishika ni cha kituo cha nyuma.

Pili ni kutafsiri. Mchezo huandika jina la dhahabu kwa alama za ajabu, $gold_name;, na pembeni yake jina hilo hilo kwa lugha aliyochagua mchezaji. Mjerumani ana lake na Mrusi ana lake. EDDN inataka neno moja tu, gold, na inataka majina yote ya lugha za wachezaji yaondolewe, la sivyo dhahabu ya Berlin na dhahabu ya Moscow zingeonekana bidhaa mbili. Kadhalika vitu visivyouzika sokoni na bidhaa zilizopigwa marufuku kituoni havipelekwi. Hapa ndipo wengi wa wanaoanza hukwama, kwa sababu mtambo utakataa ujumbe mzima kwa kosa la safu moja.

Kukataliwa kwenyewe kuna adabu yake. EDDN hujibu kwa namba. Ikijibu 200, ujumbe umepokelewa. Ikijibu 400, ujumbe wako una kasoro ya maandishi, na kuutuma tena mara mia hakutaurekebisha. Ikijibu 426, utaratibu unaotumia umepitwa na wakati, na mtengenezaji ndiye anayepaswa kuamka. Ila kama seva haikujibu au imezidiwa, hapo ujumbe uwekwe foleni na ujaribiwe tena baada ya angalau dakika moja. Programu iliyoandikwa kwa pupa haitofautishi haya. Inarudia kila kitu bila kupumua, na maelfu ya kompyuta zikifanya hivyo seva iliyoteleza kidogo inazamishwa kabisa na wale wale wanaoihitaji.

Foleni ikae kwenye diski, si kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Umeme ukikatika foleni ya kwenye diski inakusubiri. Msomaji wa Mbagala au wa Kawangware haitaji kuelezwa zaidi.

Mwisho wa haya ni marudio. Mchezaji anaweza kufungua ukurasa wa soko mara kumi akiwa kituo kimoja. Programu nzuri huweka alama ya jedwali la mwisho ililopeleka, na jedwali jipya likiwa sawa na lile haliendi. Anayelipia intaneti kwa kipimo ataona tofauti.

SIRI YA MFANYABIASHARA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ukurasa huu unaliona zito kuliko yote. Folda ya kumbukumbu haina bei tu. Katika Elite, shajara ina jina la mchezaji, krediti zake zote, marafiki zake, na maneno aliyoandikiana na wenzake. Katika EVE hali ni ya hatari zaidi, kwani folda ile ile ya Marketlogs yenye bei za soko ndiyo inayopokea faili la maagizo ya mchezaji mwenyewe akibonyeza kulitoa. Humo mna jina lake, kila alichokiweka sokoni, bei aliyopanga na kiasi kilichobaki.

Fikiria programu iliyoandikwa kwa amri moja rahisi: kila faili jipya kwenye folda hii, peleka. Mwandishi wake hana nia mbaya. Lakini mfanyabiashara aliyeiweka ameupeleka daftari wake wa ndani hadharani, na mshindani wake hahitaji kupeleleza tena. Anaona jamaa amekwama na mzigo gani, anajua ampunguzie bei kiasi gani.

EDDN ililishughulikia hili kwa kuandika sheria kuhusu kila aina ya ujumbe. Programu inayopeleka habari za safari lazima ifute kiasi cha mafuta, faini zinazomkabili mchezaji, kama anatafutwa na vyombo vya dola, mahali alipo hasa juu ya sayari, na heshima aliyonayo kwa vyama vya siasa vya nyota hiyo. Ujumbe wenye safu hizo hukataliwa mlangoni. Kitambulisho cha mtumaji nacho hubadilishwa kuwa mlolongo wa herufi kabla ya kurushwa, ili wasikilizaji waweze kuona kwamba ujumbe huu na ule vimetoka kwa mtu mmoja bila kumjua ni nani.

Kanuni ya kufuata kwa mtengenezaji ni kuorodhesha kinachoruhusiwa kutoka na kuzuia kingine chote. Ukiorodhesha kinachokatazwa, toleo jipya la mchezo litaongeza safu usiyoijua, nayo itapita. Kwa anayeweka programu ya mtu mwingine, aisome hiyo orodha kabla ya kuiamini, au amtafute anayeweza kuisoma. Programu yenye maandishi yaliyofichwa inayotaka kupeleka folda nzima, hata kama ni ya bure, iachwe hapo hapo ilipo.

Bado, kupeleka bei kuna gharama hata jina likifichwa. Aliyegundua njia yenye faida nono, akiipeleka, kesho atakuta foleni. Wapo wanaozima programu zao wakiwa kwenye njia hizo na kuiwasha baadaye. Mtambo hauwezi kuwalazimisha, na unampa bei zote msikilizaji hata kama yeye hajapeleka hata moja. Kwa hesabu za mlanguzi jambo hili lilipaswa kufa siku ya kwanza. Limeishi kwa sababu kupeleka hakumgharimu mchezaji wa kawaida hata sekunde moja ya usumbufu. Programu imekwisha fanya yeye akiwa bado anahesabu shehena. Ingekuwa ni kujaza fomu kwa mkono, bei za Elite zingekuwa na umri wa wiki.

BEI MBILI, JINA MOJA

Mtambo unakagua umbo la ujumbe. Hauwezi kujua kama bei ni ya kweli. Faili la maandishi linaweza kuhaririwa na mtu yeyote mwenye kibao cha kuandikia, akapandisha bei ya bidhaa aliyonayo ghalani ili wengine waikimbilie. Kinga iliyopo ni ya wasikilizaji: kulinganisha ujumbe kutoka kwa watumaji mbalimbali, kutupa bei iliyoruka kupita kiasi, na kuandika umri wa bei kando yake ili mnunuzi aamue.

Lakini tatizo kubwa zaidi lililowahi kuzikabili bei za Elite halikuletwa na tapeli. Novemba 29, 2022 Frontier iliugawa mchezo katika ulimwengu mbili. Waliokuwa na toleo jipya walibaki katika ulimwengu unaoendelea, na waliobaki na toleo la zamani wakaachiwa wao, unaojitegemea. Nyota ni zile zile, vituo ni vile vile, namba za masoko hazikubadilika. Bei tu ndizo zilizoanza kwenda kila moja na njia yake.

Programu ya zamani isiyotaja imetoka ulimwengu upi ingepeleka bei ya huku, na msomaji wa kule angepakia tani zake 700 akiifuata. EDDN iliongeza safu ya kutaja toleo la mchezo katika kichwa cha ujumbe, na tovuti zikaanza kuchuja. Habari ya toleo ilikuwamo miaka yote kwenye mstari wa kwanza wa shajara. Ni kwamba hakuna aliyeona sababu ya kuibeba.

Yapo mambo kama hayo kwa bei za toleo la majaribio, ambapo kampuni huweka bei za kuchezea. EDDN ina njia ya pembeni kwa ujumbe wa majaribio: unaongeza neno test mwishoni mwa jina la utaratibu, nao haufiki kwa wasomaji wa kawaida. Mtengenezaji mpya aanzie hapo na abaki hapo mpaka majibu yote yawe 200.

NANI ANALIPA

EDDN inaendeshwa na jumuiya ya wachezaji waandishi wa programu. Msomaji wa bei halipi, mpelekaji halipwi. Tovuti zinazozisikiliza bei na kuzipanga vizuri huwa mikononi mwa watu wachache, mara nyingine mmoja. EDDB, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kitabu cha bei cha wafanyabiashara wa Elite, ilifungwa mwaka 2023. Wengi walikuwa wameandika programu zao zikitegemea orodha zake za kila siku, nazo zikakauka. Bei zenyewe ziliendelea kupita kwenye EDDN kama kawaida, na aliyekuwa amejiunga moja kwa moja na mtambo hakusikia kitu.

Hatari ya upande wa pili ni kampuni yenyewe. CCP ilipofungua huduma rasmi za bei, wapelekaji wa faili za EVE walibaki na kazi ndogo sana. Huduma ya sasa iitwayo ESI hutoa maagizo ya eneo zima, yakiburudishwa kila dakika tano, na hakuna haja ya mtu kubonyeza kitu. Milango miwili ya zamani ilifungwa Mei 2018, na programu zilizoitegemea bila kurekebishwa zikafa siku hiyo. Aliyeweka nguvu zake zote kwenye kusoma folda ya Marketlogs alipata pigo. Aliyeweka nguvu kwenye foleni, kwenye ukaguzi na kwenye kuchuja siri alibadilisha tu mahali pa kuchota.

Hapa ndipo mfanyabiashara asiyecheza mchezo wowote anapoingia. Mashine ya kutolea risiti, mzani wa kielektroniki wa ghala la korosho, programu ya mauzo ya duka la dawa, vyote huandika faili la kumbukumbu kwenye folda fulani. Nchini Kenya kampuni ya KACE, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilikusanya bei za mazao sokoni kwa kutumia watu, na kuzisambaza kwa njia ambazo baadaye zilijumuisha ujumbe wa simu. Mtu wa kuandika bei alikuwa gharama ya kila siku. Pale ambapo mauzo yanaandikwa na mashine, gharama hiyo inaweza kubebwa na programu ya mistari mia chache, na maswali yake ni yale yale: faili limekwisha kuandikwa? Lina siri ya nani? Seva ikikataa tufanye nini? Bei hii ni ya soko lipi?

Kwa anayetaka kupima gharama kabla ya kumwita fundi, vifaa ni kompyuta ya kawaida na Python, ambayo ni ya bure. Folda ya Elite inapatikana ndani ya Saved Games, chini ya jina la Frontier Developments. Mtu mwenye ujuzi wa kati anaweza kuandika sehemu ya kusoma na kupeleka kwa siku mbili tatu. Foleni, marudio na orodha ya vinavyoruhusiwa vitamchukua muda mrefu zaidi ya hapo, na fundi atakayekutajia bei ya kazi nzima bila kuuliza lolote kuhusu hivyo vitatu, tafuta mwingine.